Kufungua Miswada ya Zama za DOS katika Tarakilishi za Leo

Diwani au tasnifu iliyochapwa kwa WordStar, au kwa WordPerfect 5.1 iliyotolewa mwaka wa 1989, yaweza kudhaniwa kuwa imepotea pindi tarakilishi mpya inapokataa kuifungua. Aghalabu maandishi yangali mazima, ila tu hayasomeki. Makala haya yanadhamiria kubainisha vizuizi vikuu vinavyomkabili mtafiti wa miswada ya aina hii, na namna ya kuviondoa.

Kizuizi cha kwanza ni programu kukataa kuanza. Programu hizi ziliundwa kwa utaratibu wa biti 16, ilhali Windows ya biti 64 haina sehemu ya kuziendesha. Nayo Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, ni ya biti 64 pekee. Suluhisho ni DOSBox, programu ya bure inayoigiza tarakilishi ya kale. Mtafiti huunda folda, tuseme C:\KALE, akaweka humo programu pamoja na nakala za faili zake. Kisha, ndani ya DOSBox, huandika mount c c:\kale, halafu c:, na mwisho wp. Iwapo WordPerfect ilizimika ghafla hapo awali, itauliza kama nakala yake nyingine inatumika. Jibu ni N, yaani hapana.

Pili, kuna mgongano wa vitufe. Katika WordPerfect, Ctrl na F7 huleta tanbihi, lakini DOSBox huuteka mchanganyiko huo kwa shughuli zake. Hatari zaidi ni Ctrl na F9, ambao katika WordPerfect ni wa kupanga na kuunganisha data, ilhali katika DOSBox huifunga programu papo hapo, na kazi isiyohifadhiwa ikapotea. Inafaa kubonyeza Ctrl na F1 ili kubadilisha mpangilio wa vitufe hivyo, na kuhifadhi kazi mara kwa mara kwa F10.

Tatu ni uchapishaji. Programu hizi hutafuta printa katika tundu la LPT1, ambalo tarakilishi nyingi za sasa hazina. Badala ya kushindana nalo, ni bora kuifungua faili ya WordPerfect kwa LibreOffice, kisha kuihifadhi katika muundo mpya. Jina la faili lisimhadae mtafiti, kwa maana mwandishi aliweza kujichagulia kiambishi chochote. Faili ya WordPerfect 5.1, ikifunguliwa kwa kihariri cha matini ya kawaida, hutambulika kwa alama ÿWPC mwanzoni.

WordStar ina tatizo lake mahususi. Herufi za msingi huhitaji biti saba. Matoleo yake ya awali yaliitumia biti ya nane kutia alama kwenye herufi ya mwisho ya maneno mengi. Kwa hivyo "mashairi ya bahari" huweza kuonekana kama "mashairé yá baharé". Kwa bahati njema, Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za kawaida za Kirumi na ritifaa ya ng' tu. Biti ya nane ikifutwa, maneno hurejea yalivyokuwa bila hasara.

Hata hivyo, biti hiyo hiyo ndiyo iliyotofautisha mwisho wa mstari uliowekwa na programu kwa kukosa nafasi na ule uliowekwa na mwandishi. Ikifutwa kiholela, tofauti hiyo hutoweka. Katika shairi la kimapokeo mizani na vina vitamwongoza mhariri. Shairi huru halina shahidi wa aina hiyo, na mshororo mmoja mrefu waweza kusomwa kama miwili. Yapasa basi kubadilisha kwanza miisho ya programu, yaani jozi ya baiti 8D na 0A, kuwa nafasi, ndipo biti ya nane ifutwe.

Hatimaye, kazi yote ifanywe kwa nakala, na faili asilia ibaki bila kuguswa. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika uhakiki wa matini, daftari lenyewe ni mali, na anayelibadilisha bila kuhifadhi asili huwaachia wahakiki wa baadaye matini wasiyoweza kuithibitisha.