Marubani Wetu Wanapimwa

Wiki iliyopita, mbele ya lango la skuli hapa Leicester, mzazi mwenzangu aliniuliza kama marubani wa "vile vindege vyenu" hupimwa afya. Nilikuwa nikimsimulia tulivyovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa Cessna Caravan, dakika 20 tu hewani, binti yangu kakaa nyuma ya rubani. Swali lile lilinikaa kooni. Sikumjibu pale kwa kuwa watoto walikuwa wakisikiliza. Jibu langu ni hili.

Rubani anayebeba abiria kwa malipo, awe anatua Kisauni kule Unguja au Heathrow, lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Viwango vyake vinatokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, na kwetu, Bara na Visiwani, msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Humpima daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo: macho, masikio, moyo, shinikizo la damu, mkojo, hata hali ya akili. Cheti hudumu miezi 12. Akishatimiza miaka 40, naye anarusha abiria bila rubani mwenzake, kinakuwa cha miezi 6. Akivuka 50, umeme wa moyo hupimwa kila mwaka. Katika safari za kimataifa za biashara, akifika 60 harushi tena peke yake, na akifika 65 anaacha kabisa.

Ndiyo maana marubani wenye vyeti, kwa jumla, ni wazima kuliko watu wa rika lao mtaani. Anayeugua huchujwa mapema, hata kama kazi ndiyo chakula cha wanawe.

Sasa tutazame hapa Uingereza. Tangu 2016, anayerusha ndege ndogo kwa raha zake anaweza kujitangaza mwenyewe kuwa ni mzima. Haendi kwa daktari wa anga. Anajaza fomu kwenye intaneti, anathibitisha kwamba afya yake inatosha kuendesha gari, basi. Aliye chini ya miaka 70, tamko moja linamfikisha 70. Baada ya hapo hulirudia kila miaka 3.

Yapo maradhi yanayomtaka amwone daktari kwanza, lakini wa kuyataja ni yeye mwenyewe. Jumapili ndege hizo hupita juu ya paa letu, na sijamsikia mzazi hata mmoja hapa akiuliza nani kampima anayezirusha.

Binti yangu ana miaka 10 na anataka urubani. Mimi nilikuwa na khofu nyingine: katika marubani 100 wa mashirika ya ndege duniani, wanawake ni kama 5 tu. Yeye alikuwa akililia miwani yake. Mdogo wake alimwambia mwenye miwani hapewi ndege, na usiku ule hakula. Tukakaa sote watatu tukasoma kanuni. Miwani inaruhusiwa, mradi akiivaa kila jicho lifikie 6/9, na awe na miwani ya akiba karibu naye. Mdogo mtu akaomba radhi. Bibi yao, alipopigiwa simu Malindi, alisoma dua.

Tangu siku hiyo hutoka nyumbani na miwani mbili, moja usoni, moja begini. Jana mzazi yule yule alimuuliza ya pili ni ya nini.

"Rubani lazima awe nayo," akamjibu, akaingia darasani.