Kabiratere inavuja? Fanya kama fundi wa ndege

Ndugu mfanyakazi, umekwisha kupita karibu na kiwanja cha ndege cha Bunia asubuhi? Mbele ya kuruka, rubani anaizunguka ndege yake polepole, kisha anainama na kutazama chini ya motere. Kati ya vitu anavyovitafuta ni doa la esanse. Na wewe, mbele ya kuvuta kamba ya motopompa kule machimboni, unainama?

Si kila ndege ina kabiratere. Caravan ina motere ya namna nyingine kabisa, inachoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Lakini Cessna 172 na 182 za zamani zina kabiratere, nayo kwa ndani inafanana na ya motopompa yako kama ndugu wa tumbo moja.

Tazama namna inavyofanya kazi. Cessna hizi zina mabawa juu, na esanse imo ndani ya mabawa. Motopompa nayo ina tanki juu. Basi esanse inashuka yenyewe, bila kusukumwa. Ikifika katika bakuli la kabiratere inainua boya dogo, boya linasukuma sindano, sindano inaziba tundu. Motere ikizimwa na robine ikabaki wazi, ni ile sindano peke yake inayozuia tanki zima lisimwagike. Punje moja ya mchanga ikikwama chini yake, esanse inapita. Na mchanga, sisi watu wa dhahabu tunaujua: umo katika bidoni, umo katika mikono, umo hata katika kitambaa tunachopangusia.

Esanse ya ndege iitwayo 100LL inatiwa rangi ya buluu. Ikivuja inakauka upesi, lakini rangi inabaki, na fundi anaifuata mpaka ilikotoka. Ile tunayonunua kwa Kadhafi kando ya barabara, usitegemee rangi yake. Tafuta vumbi lililoshikamana mahali palipolowa, na utumie pua.

Ukiona imelowa, kwanza funga robine. Hapo wengi wanakosea: wanaanza kufungua boliti huku esanse ingali inatiririka. Acha motere ipoe, pangusa pote pakauke, kisha fungua robine tena na utazame bila kugusa kitu. Tone likitoka kwenye mpira wa kuleta esanse, shida iko pale, kabiratere haina kosa. Likitoka kwenye maungio ya bakuli, mpira wa kuziba umechoka. Likitoka mdomoni, upande wa kuvutia hewa, basi sindano haizibi au boya limekuwa zito. Matone machache baada ya kuwasha kwa kulazimisha si ajabu, hata kwa ndege. Yasipokoma, ni ugonjwa.

Boya la shaba likitoboka linajaa esanse na haliwezi tena kuelea. Litikise karibu na sikio: ukisikia maji-maji ndani, limekwisha. Wengine wanagonga bakuli kwa mpini wa bisibisi, sindano inakaa vizuri, nao wanafurahi. Mchanga haujatoka, umesogea tu. Fundi wa ndege hawezi kuruhusu ndege iruke kwa dawa ya namna hiyo.

Sasa hatari yenyewe. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, mara tatu au zaidi. Haupandi kama moshi wa jiko, unashuka. Ndege imesimama uwanjani penye upepo. Motopompa yako iko ukingoni mwa shimo, na wenzako wamo ndani. Usiseme asubuhi kuna baridi: esanse inatoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kiberiti wala kwa taa ya moto, na usivute kamba kabiratere ikiwa imelowa. Motere ikikohoa moto kwa nyuma, ile esanse iliyokusanyika mdomoni inawaka. Na usiteremshe motopompa shimoni hata ikiwa nzima. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inayoua watu kimya.

Mama wa nyumbani, neno hili ni lako pia. Baba akirudi na nguo zilizolowa esanse, zianikwe nje, mbali na makala. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mafuta ya mawese wala dawa ya meno, kisha mpeleke kwa muganga. Mtoto akinywa esanse, usimtapishe. Kimbia naye hospitali. Na bidoni ya akiba isilale ndani ya nyumba, wala esanse isitiwe katika chupa ya limonadi.