Je, Wajua? Rangi ya tundu hudokeza kasi

Laptopu nyingi nyembamba hazina tena tundu la waya wa intaneti. Adapta ndogo ya USB hulirudisha. Lakini tazama rangi kwanza! Tundu la USB 2.0, mara nyingi jeusi, halipitishi zaidi ya megabiti 480 kwa sekunde, hata adapta ikiwa ya 1,000. La USB 3.0, mara nyingi la buluu, limeundwa kwa 5,000.

Katika nyumba za mawe za Nkoroi, Kajiado, kuta hula mawimbi ya Wi-Fi. Waya haujali ukuta. Hufika mita 100, kutoka sebuleni hadi nyumba ya uani.

Cha ajabu zaidi: Ethernet, teknolojia ya waya huo iliyobuniwa Marekani mwaka 1973, ilichota wazo lake kwenye mtandao wa redio wa visiwa vya Hawaii.