Mtu mzima anaporudi darasani: tunayojifunza Masisi na Walikale

Mnamo Septemba 2010 serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji wa madini kwa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Machi 2011. Huko Walikale vijana wengi walikuwa wakiishi kwa kuchimba na kubeba kasiterite ya Bisie, mwendo mrefu wa msituni, mfuko mzito mgongoni. Sheria ikawaambia kazi yao imesimama. Kijana wa miaka 28 ambaye tangu utotoni anajua chepeo tu, hasomi wala haandiki, aende wapi? Kikundi chenye silaha hakimwombi cheti.

Ndugu msomaji, tunaanza na habari hiyo ya zamani kwa sababu swali lake linarudi kila mara, iwe vita vimehamisha watu, iwe bei ya madini imeanguka. Sisi tunaofanya kazi ya amani tumezoea kuzungumzia vikao vya wazee, mapatano na usuluhishi. Masomo ya watu wazima tunayaweka pembeni, kama jambo dogo la akina mama na madaftari yao. Tunakosea.

Watu wazima ambao hawakusoma Masisi na Walikale si wavivu. Mapigano yaliyoanzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, yalienea hadi Masisi. Aliyekuwa na miaka 7 wakati ule sasa ana karibu 40, na amekimbia mara nyingi tangu hapo. Tena, mpaka serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, Septemba 2019, wazazi ndio waliochangia malipo ya walimu. Pesa ikiwa kidogo, mvulana alitangulizwa na msichana akabaki shambani. Katiba ya 2006, ibara ya 44, inasema kuondoa hali ya kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa. Vijijini mzigo huo umebebwa sana na makanisa, vyama vya akina mama na walimu wa kujitolea.

Mtu mzima haji darasani kwa kupenda herufi. Anakuja kwa sababu kuna jambo lililomchoma. Mchukuzi wa madini analipwa kwa kilo na hawezi kusoma mizani. Mama anauza maharagwe kwa mkopo, na hesabu yote iko kichwani mwa mnunuzi. Mkulima wa Masisi amekodi kipande cha ardhi ndani ya shamba kubwa la ng'ombe, ametia kidole gumba kwenye karatasi ya Kifaransa, na msimu unaofuata anaambiwa karatasi ilisema mengine. Hapo ndipo masomo yanapogusa amani moja kwa moja, maana ugomvi wa ardhi ni mmoja wa mizizi ya vita vya Masisi.

Basi somo zuri linaanza na karatasi hiyo na mizani hiyo. Njia hii ina asili yake katika kazi ya Paulo Freire wa Brazili, na katika miaka ya 1990 shirika la ActionAid liliijaribu kwa jina la REFLECT, sehemu mojawapo ikiwa Bundibugyo, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wanakikundi huchora ramani ya kijiji chini kwa vijiti, majani na mawe, kisha maneno yanayotoka kwenye ramani ndiyo wanayojifunza kusoma. Sisi tungeongeza tahadhari moja. Masisi, ramani ya nani analima wapi inaweza kuwasha moto. Mwezeshaji aanze na mizani na soko. Mipaka ya mashamba ije baadaye, watu wakishazoeana.

Kuhusu lugha, tunapendekeza Kiswahili. Si kwamba Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda havifai. Mtu hujifunza herufi kwa urahisi zaidi katika lugha ya mama yake. Lakini darasa la lugha moja ya nyumbani huwa darasa la kabila moja, na jirani anaanza kuuliza mnajifunza nini huko ndani. Kwa Kiswahili wote wanakaa kwenye benchi moja. Baadaye yaongezwe maneno machache ya Kifaransa yanayoonekana kwenye mikataba, risiti na vyeti, kwa sababu ofisi hazitayaacha kesho.

Kazi ya mikono ni habari nyingine, na hapo makosa ni mengi. Mipango ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, tangu ule wa kitaifa ulioanza 2004, imewapa vijana mafunzo mafupi na vifaa. Tatizo huanza pale vijana 30 wa kijiji kimoja wanapofundishwa wote useremala. Nani atanunua viti vyote hivyo? Baada ya miezi michache misumeno imeuzwa. Mpango wa P-DDRCS, ulioundwa Julai 2021, uliweka jamii nzima mbele badala ya mpiganaji peke yake, na kwa hilo tunaupongeza. Mama aliyeporwa mbuzi wake akiona aliyempora anapewa cherehani, naye hapati kitu, hasira haiwezi kupoa.

Kabla ya kuchagua kazi, kikundi kitembee sokoni siku mbili kikihesabu: nini kinaletwa kutoka Goma ambacho kingetengenezwa hapa? Mara nyingi jibu ni sabuni, mkate, kutengeneza simu na redio, kushona viatu. Na tangu vita vya M23 viliporudi mwishoni mwa 2021, kuna swali la pili: ukikimbia usiku, kazi yako inabebeka? Cherehani ya miguu inabaki nyuma. Mkasi wa kinyozi, bisibisi na sindano ya viatu vinaingia mfukoni. Watu wa Masisi waliokaa kambini kandokando ya Goma, hadi kambi zilipovunjwa Februari 2025, wanalielewa swali hili kuliko sisi.

Mtaji mdogo unaweza kutoka kwenye likelemba au kwenye AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana vyenye sanduku la kufuli tatu. Kitabu cha sanduku ni darasa tayari: majina, hisa, deni, riba. Mwanachama anayejua kukisoma hadanganywi na katibu wake.

Mwisho, saa na majira. Masisi wanapanda Septemba, na tena Februari au Machi. Darasa likifunguliwa miezi hiyo, mabenchi yatakuwa matupu. Lianze mazao yakishamea, lifanyike alasiri, likae karibu na maji ili mama achote akirudi, na limalizike mapema kila mtu afike kwake kabla ya giza.