Kishazi Nomino na Kishazi Kielezi: Namna ya Kuvitambua katika Sentensi za Kiingereza

Na Mwalimu wa Madrasa, Mfaranyaki, Songea

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Mwanafunzi mpenzi, huenda ukashangaa kuona somo la Kiingereza ndani ya jarida la madrasa. Sababu yake ni hii. Jioni moja mwanafunzi wetu wa kidato cha pili alibaki baada ya darasa akanionyesha daftari lake la shule. Alikuwa amepewa sentensi 10, atofautishe vishazi nomino na vishazi kielezi. Alipata 4. Nilipomuuliza alitumia njia gani, alinijibu bila kusita: "Ustadh, nimekariri. When ni kielezi, where ni kielezi, if ni kielezi, that ni nomino." Alikuwa ameihifadhi orodha ile vizuri kama anavyohifadhi sura zake. Kwa hiyo hakukosa kwa uvivu. Alikosa kwa sababu orodha yenyewe haitoshi.

Jambo hili si dogo. Wengi wenu mmesoma shule za msingi kwa Kiswahili, kisha mkaingia sekondari mkakuta Historia, Baiolojia na Jiografia zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyejua sehemu ya sentensi inafanya kazi gani hapotezi maksi za Kiingereza peke yake. Hupoteza pia maana ya swali la Baiolojia, ilhali jibu lenyewe analijua. Basi tulitazame somo hili taratibu, nanyi wazazi mlisome pamoja na watoto.

KISHAZI NI NINI?

Kishazi ni fungu la maneno lenye kitenzi ndani yake, nalo ni sehemu ya sentensi. Tazama sentensi hii:

"I will wash my clothes before the bell rings."

Maana yake: Nitafua nguo zangu kabla kengele haijalia. Ina vishazi viwili. "I will wash my clothes" kinajitosheleza. Ukikitamka peke yake, msikilizaji anaridhika. Hicho ni kishazi huru. Lakini ukisema tu "before the bell rings" ukanyamaza, msikilizaji atabaki anakungoja umalizie. Hicho ni kishazi tegemezi. Vishazi nomino na vishazi kielezi vyote ni vishazi tegemezi. Katika vitabu vya shule utaviona vikiitwa noun clause na adverb clause.

TAZAMA KAZI, USITAZAME NENO LA KWANZA

Kishazi nomino hukaa mahali pa jina. Kinaweza kuwa mtenda, kinaweza kuwa kitu kinachotendwa, na kinaweza kufuata neno "is". Kinajibu swali la "nini?".

Kishazi kielezi hueleza tendo lililotajwa kwenye kishazi huru: limetendeka lini, wapi, kwa nini, kwa sharti gani, kwa lengo gani, au ijapokuwa kuna kizuizi gani.

Sasa angalia jozi hizi. Neno la kwanza la kishazi ni lile lile, lakini kazi ni mbili.

"I know when the examination begins." Najua nini? Najua mtihani unaanza lini. Ni kishazi nomino.

"I will rest when the examination ends." Nitapumzika lini? Mtihani utakapokwisha. Ni kishazi kielezi.

"He asked if the teacher was sick." Aliuliza nini? Kama mwalimu anaumwa. Ni kishazi nomino.

"If the teacher is sick, we will visit him." Tutamtembelea kwa sharti gani? Akiwa anaumwa. Ni kishazi kielezi.

Hapa ndipo mwanafunzi wetu alipojikwaa. Neno "when" au "if" ni kama mlango wa nyumba. Mlango haukuambii nani anakaa ndani. Mpaka ubishe hodi usikie sauti.

KISWAHILI CHAKO NI MSAADA

Wengine wanadhani Kiswahili kinawaharibia Kiingereza. Katika jambo hili kinawasaidia, kwa sababu Kiswahili mara nyingi hutenganisha kile ambacho Kiingereza hukivika nguo moja.

Ukitafsiri sentensi ukajikuta umesema "lini", "kama", "kwamba" au "kuwa", mara nyingi kishazi hicho ni nomino: najua ataondoka lini, sijui kama ameswali, nasikia kwamba amefaulu.

Ukijikuta umetia "-po-" au "-ki-" ndani ya kitenzi, au umesema "kwa sababu", "ili", "kabla", "mpaka" au "ingawa", mara nyingi kishazi hicho ni kielezi: atakapoondoka nitalia, akichelewa tutaanza, alisoma ili afaulu.

Lakini tahadhari. Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote. Neno "where" linaweza kukuteleza. "I know where he lives" tunaweza kutafsiri: najua anapoishi. Hapo "-po-" imeingia, na bado kishazi ni nomino, kwani ndicho kitu ninachokijua. Tena "the day when he arrived", yaani siku alipofika, ni kishazi cha aina ya tatu, kishazi kivumishi, kwa kuwa kinaeleza jina "day". Kwa hiyo baada ya kutafsiri, thibitisha kwa vipimo.

VIPIMO VITATU

Kwanza, kipimo cha kubadilisha. Toa kishazi, weka neno "this" mahali pake. Sentensi ikikubali, ni nomino: "I know this." Kisha jaribu neno "then" au "there". Sentensi ikikubali hayo kwa maana ile ile, ni kielezi: "I will rest then." Huwezi kusema "I will rest this."

Pili, kipimo cha kuhamisha. Kishazi kielezi mara nyingi huhama kwa urahisi kutoka nyuma kwenda mbele: "When the examination ends, I will rest." Kishazi nomino kinachofuata kitenzi hakipendi kuhama. Ukisema "When the examination begins, I know", maana imeharibika.

Tatu, kipimo cha kuondoa. Ukiondoa kishazi kielezi, kwa kawaida sentensi inabaki nzima: "We will visit him." Ukiondoa kishazi nomino, mara nyingi sentensi inavunjika. Katika "What the teacher said is true", ondoa "What the teacher said", utabaki na "is true". Kitu gani ni kweli? Hakuna mtenda. Kipimo hiki usikitumie peke yake, maana "He asked" inaweza kusimama hata baada ya kuondoa kilichoulizwa.

NAHAU YA KIARABU INASEMAJE?

Wanafunzi wa darasa la juu mnaosoma Ajurrumiyya, kitabu cha Ibn Ajurrum wa Fes, Morocco, aliyefariki mwaka 1323, mnajua kuwa ndani yake mna mlango wa maf'ul bihi na mlango wa dharfu ya wakati na dharfu ya mahali. Tofauti tunayoizungumza hapa inakaribiana na hiyo. Kitu kinachotendwa ni jambo moja. Wakati au mahali pa kutenda ni jambo jingine.

Zaidi ya hayo, kila siku ndimi zetu hupita juu ya mifano hii. Tunapotoa shahada, tunataja kwanza kushuhudia. Unashuhudia nini? Maneno yanayofuata ndiyo jibu. Ukiifasiri shahada kwa Kiingereza, maneno hayo yanakuwa kishazi nomino kinachoanza na "that". Na katika Surat An-Nasr, aya mbili za mwanzo zinataja wakati, kisha amri yenyewe inakuja katika aya ya tatu. Ukiifasiri sura hiyo kwa Kiingereza, aya mbili zile zinakuwa vishazi kielezi vinavyoongozwa na "when". Anayesoma bila kujua hivyo, anaweza kusimama mwisho wa aya ya pili akadhani maneno yamekwisha.

FAIDA KATIKA KUANDIKA

Huenda ukauliza: nikishavitambua, nafaidika nini? Faida ya kwanza iko kwenye neno "will". Katika kishazi kielezi cha wakati au cha sharti, Kiingereza kwa kawaida hakitii "will" hata kama jambo ni la baadaye. Katika kishazi nomino, "will" inaruhusiwa.

Sahihi: "I will tell you when he comes."
Sahihi: "I do not know when he will come."
Kosa: "I will tell you when he will come", ikiwa unakusudia "atakapokuja nitakuambia".

Kosa hili tunalifanya sana, na chanzo chake kinajulikana. Sisi husema "atakapokuja", na ndani ya neno hilo mna "-ta-" ya wakati ujao. Mwanafunzi anaihamisha "-ta-" hiyo, anaandika "will". Vivyo hivyo huandika "if it will rain" badala ya "if it rains".

Faida ya pili ni mpangilio wa maneno. Kishazi nomino kinachotokana na swali hakipangwi kama swali. Sema "I know where he lives". Usiseme "I know where does he live".

SENTENSI YENYE MAANA MBILI

Tuseme umemaliza muhula Dar es Salaam unarudi nyumbani. Mjomba wako aliyeko hapa Mfaranyaki anakutumia ujumbe: "Tell me when you reach Songea." Anataka nini?

Ukikichukua kishazi kuwa kielezi, maana ni: ukifika Songea, niambie. Utapanda basi, utapita Iringa, Makambako na Njombe, na hutampigia mpaka ushuke kituoni. Ukikichukua kuwa nomino, maana ni: niambie utafika Songea lini. Hapo inakubidi umjibu kabla ya safari, ili aje akupokee. Ukikosea, unaweza kushuka usiku, mizigo iko chini, wala hakuna wa kukupokea.

Kiingereza chenyewe kinaruhusu maana zote mbili, kwa hiyo msomaji mwerevu huuliza. Na mwandishi mwerevu huandika "Tell me when you will reach Songea". Hiyo "will" inaonyesha kuwa kishazi ni nomino, na shaka inaondoka.

ZOEZI

Taja kila kishazi tegemezi ni nomino au kielezi. Funika majibu kwanza. Kusoma majibu kabla ya kujaribu ni kujidanganya mwenyewe.

1. My mother wants to know if I have prayed Asr.
2. If the rains come late, the maize will not grow well.
3. What the imam said made us happy.
4. We took off our shoes before we entered the mosque.
5. Nobody remembers where the key was put.
6. Put the medicine where children cannot reach it.
7. Every pupil in Songea should know when the Majimaji heroes were hanged.
8. When the Majimaji heroes were hanged, this land was under German rule.

MAJIBU

1. Nomino, mama anataka kujua nini?
2. Kielezi cha sharti.
3. Nomino, nacho ndicho mtenda wa sentensi.
4. Kielezi cha wakati.
5. Nomino, hakuna anayekumbuka nini?
6. Kielezi cha mahali. Dawa iwekwe wapi?
7. Nomino, kila mwanafunzi ajue nini? Na jibu la kujua ni tarehe 27 Februari 1906.
8. Kielezi cha wakati. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani lini?

Umeona kwamba sentensi ya 1 na ya 2 zina "if", ya 5 na ya 6 zina "where", ya 7 na ya 8 zina "when". Anayetegemea orodha atakosa nusu ya kila jozi. Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni alirudia sentensi zake 10 siku ile ile, safari hii akiuliza kila kishazi "unafanya kazi gani hapa?", akapata 9. Ile moja aliyokosa ilikuwa ya "where", nayo ndiyo iliyonifanya niandike ile tahadhari hapo juu.

Nawausia wanangu: kuhifadhi ni jambo jema, na sisi watu wa madrasa hatuwezi kulidharau. Lakini kuhifadhi kufuatwe na kufahamu. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na daftari lenye alama nyekundu, kabla ya kumgombeza muulizeni alifikaje kwenye jibu lile. Huenda akawa amejitahidi sana, akakosa njia tu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, ya dunia na ya akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.