Kabla ya kuhamia mjini, piga hesabu ya vitu usivyonunua kijijini

Mazao yakishauzwa na fedha kidogo ikiwa mkononi, familia nyingi za vijijini Tanzania huanza kuzungumza habari ya kuhama. Si wote wanaotazama Dar es Salaam au Mwanza. Wengi huangalia mji ulio karibu: Makambako, Babati, Masasi au Korogwe. Sababu zao ni za msingi. Huduma za afya ziko jirani, umeme upo, soko ni la kila siku na kodi ya chumba ni nafuu kuliko jijini. Tena ukipata taarifa ya msiba nyumbani, unaweza kufika siku hiyohiyo.

Hatumkatazi mtu kuhama. Tunachosisitiza ni kwamba uhame kwa hesabu, na usiuze shamba ili upate nauli na kodi.

Anza na vitu vya bure

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila kitu ambacho familia yako imetumia bila kukinunua: unga wa mahindi yako, maharage, mboga za nyuma ya nyumba, mayai, kuni, maji ya kisimani, na chumba unacholala bila kulipa kodi. Kisha muulize mtu anayeishi mji unaoutaka, vitu hivyo vinauzwaje huko. Zidisha mara 4 upate makadirio ya mwezi.

Wengi hushtuka hapa. Mshahara wa dukani unaoonekana mkubwa ukiwa kijijini unaweza kuliwa wote na unga, mkaa, maji na kodi. Kijijini ukikosa shilingi leo, jioni bado utapika. Mjini usipokuwa na shilingi, jiko haliwaki.

Chumba na malipo ya kwanza

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi miezi 3 au 6. Ukipitia kwa dalali, naye mara nyingi hudai kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Ukitakiwa kulipa miezi 6, ni shilingi 240,000. Ongeza 40,000 ya dalali, unafika 280,000 kabla hujanunua hata ndoo ya maji.

Kabla ya kulipa, uliza: LUKU ni ya kwako peke yako au mnachangia? Maji hutoka kila siku? Choo mnashirikiana watu wangapi? Fika uone mwenyewe, na mkataba uwe wa maandishi. Ukishahamia, jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ndiye utakayemwendea siku ukihitaji barua ya utambulisho.

Biashara ya mji mdogo hufuata msimu

Katika miji inayozungukwa na wakulima, wateja wa duka, wa bodaboda na wa mama lishe ni wakulima haohao. Wakivuna, fedha inazunguka. Wakati wa kupanda na kupalilia, mfuko wa mkulima ni mtupu na biashara inalala. Kwa hiyo usiupime mji kwa kuutembelea wakati wa mavuno tu. Nenda tena kipindi cha mvua, ukae siku mbili sokoni, uwaulize wauzaji wanaishije miezi hiyo.

Watoto shuleni

Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada: tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Hata hivyo sare, madaftari, chakula na nauli vinabaki kwa mzazi. Uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule anayosoma mtoto sasa, hivyo usimtoe kimyakimya. Kama yuko darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, afadhali asubiri amalize mtihani wa taifa, kwa sababu watahiniwa husajiliwa kupitia shule zao.

Shamba lisibaki bila mtu

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kimila isipotumika kwa muda usiopungua miaka 5 inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na halmashauri ya kijiji ikaanza hatua za kuichukua. Kwa hiyo mwachie ndugu alime, au likodishe kwa maandishi, na serikali ya kijiji ijue. Kama una hati ya hakimiliki ya kimila, itunze. Kama huna, ulizia utaratibu wake kabla hujaondoka.

Mzee au mama mwenye nyumba asiamue peke yake. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Ukitaka kununua kiwanja huko mjini, usiishie kwa muuzaji na mashahidi wawili. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama kimepimwa na ni cha nani. Angalia pia mahali kilipo. Hifadhi ya barabara kuu huchukua mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na sheria ya mazingira inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kiwanja cha bei ya chini sana mara nyingi kiko sehemu kama hizo.

Jaribu kwanza

Ikiwezekana, atangulie mtu mmoja wa familia kwa miezi 3, aandike kila anachopata na anachotumia. Wengine wabaki na shamba. Hesabu zikikubali, wafuate. Zikikataa, atarudi akute nyumba ipo, jembe lipo na ardhi bado ni yenu.