Maharage ya Benaco na Hesabu ya Kuni

Maharage yakishachemka, chomoa kuni mbili, bakiza moja. Hiyo ndiyo kanuni ya mama ntilie mmoja wa njia panda ya Benaco, wilayani Ngara, anayewapikia madereva wa malori yanayopita mipaka ya Rusumo na Kabanga.

"Watu wanadhani yakitokota kwa fujo ndiyo yanaiva upesi," anasema, akizika kijinga majivuni. "Yanatoka jasho tu hayo. Kuni zinakwisha, maharage yako palepale."

Nilikuwa Benaco kwa shughuli isiyohusiana kabisa na jiko, lakini kauli hiyo haikunitoka kichwani, kwa sababu fizikia iko upande wake. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata uteketeze pori zima chini ya sufuria. Kinachozidi ni mvuke. Halafu Ngara ni nchi ya milima. Penye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama pwani. Punje ambayo Tanga ingeiva mapema, huku inadai kuni zaidi. Mama huyu hajawahi kupika pwani, ila anajua kwamba madereva wa Dar es Salaam hulalamika chakula kinachelewa.

Kwa hiyo anapigania kila kijiti. Maharage huyaloweka jioni. Asubuhi huyamwaga maji yale, huweka mapya, hufunika, na juu ya kifuniko hupachika jiwe. Chumvi ni mwisho kabisa. Magadi je? Anakunja uso. "Yanalainisha, ndiyo, lakini ladha inakimbia. Wateja wangu wana ulimi, mwanangu." Sokoni haulizi bei kwanza, anauliza ni ya msimu gani. Maharage yaliyokaa sana ghalani kwenye joto na unyevu huwa magumu, na mengine hayalainiki hata yakeshe motoni. Ya bei rahisi, anasema, huja kudai fedha zake kwenye kuni.

Kujua kama yameiva, huchota punje tatu kutoka pembe tofauti za sufuria na kuzibonyeza kwa kidole gumba. Wanaochunguza maharage maabarani wana kifaa cha kazi hiyohiyo, kiitwacho Mattson: vijiti 25 vya chuma, kila kimoja kimesimama juu ya punje yake ndani ya maji yanayochemka. Punje ikilainika, kijiti huzama. Vikizama 20, maharage yamehesabiwa kuwa yameiva. Nilipomsimulia alicheka. "Na punje tano zilizobaki anakula nani?"

Ninayakazania maharage kwa sababu tunapoambiwa chakula kinachangia gesijoto, macho hukimbilia ng'ombe, mpunga na mbolea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mifumo ya chakula ilitoa takriban asilimia 34 ya gesijoto za dunia mwaka 2015, na sehemu kubwa ilitoka shambani na kwenye ardhi inayobadilishwa matumizi. Lakini harage shambani halina makuu. Mizizi yake hushirikiana na bakteria kupata naitrojeni kutoka hewani, na wakulima wengi wa huku hawalitilii mbolea ya dukani. Deni lake liko jikoni.

Ngara na Biharamulo wanalifahamu deni hilo kuliko wengi wetu. Aprili 28 na 29, 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Benaco ikageuka mji wa turubai. Kambi za Kagera zilipofurika, kuni zilizochomwa zilifika tani 1,200 kwa siku. Msitu ulioguswa ulikuwa kilomita za mraba 570, na 167 kati ya hizo ziliharibiwa vibaya. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya hewa ukaa. Piga hesabu mwenyewe.

Mpishi wetu alikuwa binti mdogo wakati huo. Kwao walibadilisha ndizi kwa mahindi na maharage ya mgawo wa kambini. "Yalikuwa mawe yale," anasema. "Mama yangu aliyachemsha tangu asubuhi, jioni bado yanalia kwenye meno. Sasa fikiria kila hema lina sufuria kama hiyo." Hakuna anayewalaumu wapishi wale. Mtu aliyekimbia vita haulizwi kuhusu mkaratusi.

Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996. Lukole, kambi ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Sehemu ya miti imechipua upya, na mti unaokua huivuta tena hewa ukaa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za hesabu ya gesijoto haziihesabu hewa ukaa ya kuni pamoja na ile ya nishati. Huingizwa kwenye safu ya ardhi, pale msitu unapopungua. Kihasibu ni sawa. Lakini safu hiyo huona msitu tu, haioni sufuria. Na msitu wa 1994 uandikwe kwa nani: Tanzania iliyokuwa na miti, au vita vilivyowasukuma watu kuifikia?

Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mama anao mtungi wa gesi wa kilo 6. Ni wa chai na mayai. "Maharage kwenye gesi? Nitawauzia shilingi ngapi sahani?"

Liko pia jiko la presha la umeme, linalopandisha joto kupita kiwango cha kuchemka na kuufuta kabisa ujeuri wa milima. Umeme wenyewe uko jirani: mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo unazalisha megawati 80 kwa nchi tatu, na nyaya zake zinakwenda Nyakanazi, Biharamulo. Nikamweleza. Majiko hayo mengi ni ya lita sita. Sufuria yake inalisha madereva arobaini. Akanitazama, akairudisha kuni moja motoni.

"Tuseme limepatikana kubwa. Umeme ukikatika saa nne, na saa sita malori yamepanga foleni, niwape nini?"